Mapenzi ya Kitoto na Sheria za Darasa



Nimeombwa nizungumzie hapa chuoni nidhamu katika shule zetu za msingi. Nimechagua jambo moja ambalo sisi walimu hulicheka ofisini na kulichapia darasani: watoto wa darasa la nne, la tano na la sita wanaopendana. Dai langu ni hili. Shule ina haki ya kuweka sheria juu ya anachotenda mtoto, lakini haina haki ya kumwadhibu kwa anachohisi. Tukiyachanganya hayo mawili, tunamziba mdomo mtoto kabla ya siku atakayokuwa na jambo zito la kutuambia.

Tuanze na mwili. Balehe ya msichana kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13. Ya mvulana, kati ya 9 na 14. Kwa hiyo mabadiliko hayo yanamkuta mtoto mikononi mwetu, tunapomfundisha sehemu na desimali. Hata kabla ya balehe, mtoto wa darasa la pili atampenda jirani yake kwa kuwa anamwazima kichongeo na kumgawia ubuyu. Huko ni kukua. Aliyeshtuka kuliona hilo darasani amesahau utoto wake.

Barua zenyewe tunazijua. Karatasi huchanwa katikati ya daftari, penye pini, ili daftari lisionekane limepungua. Moyo huchorwa kwa kalamu nyekundu, ile tunayowakataza kwa sababu ni ya mwalimu kusahihishia. Salamu huwa ndefu kuliko ujumbe, na ujumbe mara nyingi ni ombi tu: nijibu, na usimwonyeshe mtu. Karatasi hupita dawati hadi dawati mpaka monita aidake na kuileta mezani.

Hapo ndipo tunapokosea. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa nikifuatilia ufundishaji, barua ya msichana wa darasa la tano ikasomwa kwa sauti mbele ya wenzake. Darasa zima likaangua kicheko. Mvulana aliyeandikiwa alicheka kuliko wote, apate kujinusuru. Msichana aliinamisha kichwa hadi kengele ilipolia, na katika vipindi vilivyofuata hakunyoosha mkono hata kwa maswali aliyoyaweza. Mwalimu aliyeisoma hakuwa mkatili. Alikuwa anafanya alichofanyiwa.

Tunapokimbilia fimbo, hali inakuwa mbaya zaidi. Hapa Tanzania, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Tena ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Sioni kwa hoja gani karatasi yenye moyo mwekundu iingizwe humo.

Sasa nifike kwenye kiini. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mwanafunzi mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Sheria kali, na ninaiunga mkono. Lakini kesi ya namna hii inahitaji mtu wa kusema, na wa kwanza kusema ni mtoto mwenyewe. Tumwazie mtoto aliyefundishwa tangu darasa la tano kwamba jambo lolote la mapenzi likijulikana, anayechapwa na kuchekwa ni yeye. Siku dereva wa bodaboda atakapoanza kumpa lifti na kumnunulia chipsi mayai, au mjomba kumshika asivyotaka, au mwalimu kumwagiza apeleke madaftari nyumbani kwake jioni, atamwambia nani? Tumekwisha kumfundisha kunyamaza. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Ni hatua njema, ila inakuja baada ya madhara. Kinga huanza mapema zaidi.

Zamani, pwani na kusini mwa nchi, kungwi alimweleza mwali mambo ya mwili na mapenzi waziwazi, ingawa mafunzo yake yalilenga ndoa ya mapema kuliko tunavyotaka leo. Mahali pengi nafasi yake imebaki wazi. Mama anadhani mwalimu atasema, mwalimu anadhani mama amekwisha sema, na mtoto anaambiwa na wenzake.

Mzazi ataniuliza: huko si kuwaruhusu? Hapana. Darasa lazima liwe na sheria, na ziwe kali pale panapostahili. Kipindi ni cha kusoma. Aliyekataliwa haendelei kusumbua. Hakuna kumshika mwenzako asiyetaka, wala kumzomea kwa sababu ya anayempenda. Sheria hizi ziwe sawa kwa mvulana na msichana; tusimhamishe dawati msichana peke yake kana kwamba kosa ni la kwake daima. Monita asigeuzwe mpelelezi. Barua ikinaswa iwekwe kwenye droo ya meza, na mazungumzo yafanyike baada ya kipindi, mtoto mmoja mmoja, mlango ukiwa wazi. Na kwa mwalimu anayemtaka mwanafunzi, pasiwe na kikao cha kusuluhisha wala uhamisho wa kimyakimya. Huyo apelekwe polisi.

Maneno ya kumwambia mtoto si mengi: "Kumpenda mwenzako si kosa. Wakati wa kipindi tunasoma. Na mtu mzima akikuambia maneno kama haya, njoo uniambie siku hiyo hiyo, sitakuchapa." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo haiaminiki kinywani mwa mwalimu aliyesoma barua ya mtoto mbele ya darasa.

Naviomba vyuo vya ualimu, na chuo hiki kikiwamo, visiishie kuwafundisha wanachuo saikolojia ya makuzi kwa ajili ya mtihani. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi amwulize mwalimu mtarajiwa atafanya nini barua ikitua mezani pake, na jibu lake lipewe alama. Nanyi walimu wenzangu mlioko kazini, msisubiri waraka. Barua ijayo mtakayoikamata, ikunjeni, iwekeni, endeleeni kufundisha, kisha mwiteni mtoto mumsikilize.