Ordinateri ya zamani isipowaka muzuri

Wandugu, na ninyi munaotusaidia toka mbali, majina ya familia zilizorudi Kalengera yako ndani ya ile ordinateri ya zamani. Tusiitupe.

Ikisimama njiani na kuonyesha tarehe ya miaka ya nyuma, mara nyingi ni kale kabetri kadogo ka CR2032, volti 3, kamekwisha. Kanabadilishwa tu.

Ikilia bip-bip bila picha, chomoa umeme kwanza, toa kadi ya memori, sugua meno yake pole pole na gomu ya mwanafunzi, kisha irudishe. Vumbi ya huku kwetu inaingia popote! Sanduku la umeme lenyewe musilifungue, hata likichomolewa: linabaki na umeme ndani.

Ikiwaka, kwanza tukopie majina kwenye flashi. Ikikataa kabisa, fundi atoe diski aiunganishe kwa mashini ingine.