Ukurasa wa Mizani Uingie Kwenye Simu Yako Kabla Hujaondoka

Maneno ya Katibu wa tawi katika mkutano wa wanachama wa ushirika, Kinole. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wenzetu ambao siku ile walikuwa shambani.



Tumesimama kwa jambo moja. Tangu tulipokubaliana kwamba kilo za karafuu na pilipili manga ziandikwe katika kompyuta ya ghalani, wengi mmetuuliza: hizo kilo zetu zinakaa wapi? Tukawajibu, zinakaa ndani ya kompyuta. Mkauliza tena: na sisi tunaondoka na nini? Hapo tulikuwa hatuna jibu zuri. Mlikuwa mnaondoka na kikaratasi tu. Sasa tumeonelea kwamba kila mwanachama aondoke na ukurasa wake ndani ya simu, bila waya, bila bando, bila kulipa hata senti moja.

Yafaa tuseme wazi kilichotufikisha hapa, maana kosa lilikuwa letu sisi ofisi. Msimu uliopita mama mmoja, mwenzetu, alileta karafuu kavu kilo 41. Karani akaandika 14. Vidole viliteleza, basi. Mama alifunga kikaratasi chake kwenye pindo la khanga, khanga ikafuliwa, kikaratasi kikawa uji. Siku ya malipo akaja akasema zangu ni arobaini na moja. Sisi tukafungua kompyuta, tukaona kumi na nne, tukamwambia mama, mashine haisemi uongo. Jamani, maneno hayo tuliyasema sisi. Akaondoka kimya. Baadaye tulipofunga hesabu ya magunia, ghala likawa na kilo 27 zisizo na mwenyewe. Toa 14 katika 41 uone kinachobaki. Tulimfuata nyumbani, tukamlipa, tukamwomba radhi. Lakini alikuwa amekwisha kuuza mbuzi ili mtoto aende shule, na mbuzi yule hatukuweza kumrudisha.

Sisi tunaozungumza nanyi tulijifunza kuandika jina letu katika kisomo cha watu wazima, tukiwa na ndevu tayari. Kabla ya hapo tuliweka kidole gumba kwenye karatasi tusizozijua. Mtu akikuambia weka hapa, unaweka. Kwa hiyo tunajua vizuri maana ya kuambiwa kwamba maandishi yanasema hivi, nawe huna namna ya kuyaona. Mama yule tulimrudisha kwenye kidole gumba, ingawa kusoma anajua.

Sasa basi, njia yenyewe. Inaitwa Bluetooth. Vijana wanaijua kwa kurushiana nyimbo, lakini kazi yake ni pana zaidi ya nyimbo. Ni mawimbi ya redio, ndugu zangu, jamaa ya yale yaliyowaletea wazee wetu kipindi cha Mtu ni Afya mwaka 1973, walipokaa kwa vikundi kuisikiliza redio. Tofauti ni kwamba redio ile ilivuka milima, na haya ya Bluetooth ni mafupi, katika simu zetu ni kama mita 10 tu. Yalitengenezwa katika kampuni ya Ericsson huko Sweden katika miaka ya 1990. Jina ni la mfalme mmoja wa Denmark wa karne ya 10, Harald, aliyeitwa Jino la Bluu. Kwa nini jino lake lilikuwa la bluu tusiulizane leo, saa inakwenda.

Ufupi huo wa mita 10 wengine wameuona kuwa ni kasoro. Sisi tumeuona kuwa ni faida. Huwezi kutumiwa ukurasa ukiwa shambani au ukiwa Morogoro mjini. Ni lazima uwepo mwenyewe, karibu na mizani, unamwona karani naye anakuona. Ukiona 14 mahali pa 41 unasema pale pale, gunia likiwa bado halijabebwa.

Mtasema, mbona tusitumiwe kwa WhatsApp? WhatsApp inataka bando na inataka mtandao, na mtandao wetu huku mlimani mnaujua, unakuja na kuondoka kama ukungu. Bluetooth haiulizi mnara. Hata minara yote ikizimika, kompyuta na simu zitasikilizana maadamu zote mbili zina chaji.

Hebu tufuatane polepole. Ukifika mezani fungua mipangilio ya simu, washa Bluetooth, kisha uuache ukurasa ule ule wazi, usikizime kioo. Simu nyingi huonekana kwa wengine wakati ukurasa ule uko wazi tu. Ukiufunga, karani atakutafuta asikuone, halafu utasema kompyuta ni mbovu. Karani atabonyeza alama ya Bluetooth iliyo chini karibu na saa ya kompyuta, atachagua kutuma faili, atachagua simu yako. Mara ya kwanza zitatokea tarakimu sita kwenye kompyuta, na tarakimu sita kwenye simu yako. Zisomeni kwa sauti, wewe na karani. Zikilingana, kubali. Zisipolingana, kataa, maana hapo umeungana na kifaa cha mtu mwingine. Kisha simu itauliza tena kama unalipokea faili. Kubali, ngoja kidogo tu, limeingia. Utalikuta katika folda yenye jina la Bluetooth, au katika simu nyingine mahali pa vitu vilivyopakuliwa. Lifungue hapo hapo, soma kilo zako. Usiseme nitasoma nyumbani.

Tulipojaribu Jumapili lilitokea jambo la kuchekesha. Simu nne zilionekana kwenye kompyuta zikiwa na jina moja, kwa sababu ni za aina moja. Ukurasa wa mzee mmoja ukaenda kwa shemeji yake! Kwa hiyo kila mwenye simu abadilishe jina la simu yake katika mipangilio, aandike namba yake ya uanachama. Msiandike majina yenu kamili, maana jina la Bluetooth huonekana na kila aliye karibu.

Wenye vitochi msijione mmeachwa. Vitochi vingi vina Bluetooth, ila haviwezi kufungua faili la PDF. Kwenu tutatuma ukurasa kama picha, na herufi tutazikuza. Mwe na kadi ya kumbukumbu yenye nafasi. Na mwenye iPhone, kama yupo miongoni mwetu (tumesikia kicheko huko nyuma), ajue kwamba simu yake haipokei faili kwa njia hii kutoka katika kompyuta kama yetu. Aje tumchapie. Wasio na simu kabisa watachapiwa pia, na stakabadhi ya karatasi haiondolewi kwa mtu yeyote.

Kuna njia nyingine ya mawimbi, ya waifai, yenye kasi zaidi. Programu ya Quick Share ya Google inafanya kazi hiyo kati ya kompyuta na simu za Android. Kwa ukurasa mmoja hatuna haja nayo, ila yafaa kwa mambo mazito kama video ya mafunzo ya kukausha karafuu, ambayo kwa Bluetooth ingekaa njiani karibu saa nzima. Tahadhari: ukiiunganisha kompyuta na hotispoti ya simu yako, zima data kwanza. Kompyuta ikinusa intaneti huanza kuvuta mambo yake yenyewe, na bando la wiki linakwisha kabla chai haijapoa. Yametukuta.

Sasa maswali yenu. Mzee mmoja aliuliza, ikiwa kila mtu anapewa ukurasa wake peke yake, tutajuaje jumla ya ghala? Swali zito, na tulilijadili kamatini mpaka usiku. Hatuwezi kumtumia kila mtu orodha yote yenye majina, namba za simu na malipo ya wenzake. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata bila sheria si adabu. Lakini kuficha jumla nako ni kubaya zaidi, tumekwisha kuona. Kwa hiyo kila jioni ya siku ya mizani mtapata ukurasa wa pili, wenye namba za uanachama na kilo tu, na chini yake jumla ya ghala. Mkijumlisha wenyewe na msipate jumla ile, njooni ofisini mkiwa wengi.

Mama mwingine aliuliza kama ampe kijana wake simu amfanyie. Akusaidie, sawa, lakini ukiwa umeishika wewe. Simu hiyo ndiyo yenye pesa zako. Namba ya siri haihusiki kabisa na kupokea faili. Anayekuomba namba ya siri hapo ana lake. Tena, faili letu litakuwa PDF au picha. Likija faili linaloishia na herufi apk, hata likiwa limeandikwa malipo ya karafuu, likatae, maana hiyo ni programu na inaweza kuingia hadi kwenye pesa zako. Ukimaliza kupokea, zima Bluetooth.

Tunaanza Jumamosi saa tatu asubuhi, ghalani. Akina mama wenye vitochi watatangulia, kwa sababu picha zinahitaji muda wa kukuzwa. Njooni na simu zenye chaji. Wa kwanza kupokea ukurasa atakuwa yule mama wa kilo 41. Tumemwomba, naye amekubali, kwa sharti kwamba katibu mwenyewe ndiye ausome kwa sauti mbele ya watu. Tumelikubali sharti hilo.