Mkubwa wa Kazi na Wenzake



Nimeombwa niseme maneno machache, habari za mkubwa wa kazi na wale afanyao kazi pamoja nao. Neno langu ni moja tu: mkubwa asiyeambika huwaponza wenzake, hata akiwa hodari. Nitaanza mbali kidogo, ndipo nirudi kwetu.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa zilikuwa uwanjani, moja ya Uholanzi na moja ya Marekani, na ukungu ulikuwa mzito hata waliomo katika moja hawakuiona ya pili. Rubani mkuu wa ndege ya Uholanzi alikuwa mtu wa sifa. Ndiye aliyewafundisha marubani wengine. Siku ile walikuwa wamechelewa, naye alitaka kuondoka. Akaanza kwenda mbio ili aruke, na ruhusa ya kuruka hajapewa. Fundi wa mitambo aliyeketi nyuma yake akauliza kama ile ndege ya Marekani haijatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo ya kuwa imekwisha toka. Kumbe ilikuwa mbele yao, katika njia ile ile. Watu 583 wakafa.

Angalieni, ndugu: yule fundi hakuwa bubu wala mjinga. Alishuku, akauliza. Walakini aliuliza kwa upole, kama tuulizavyo sisi mbele ya mkubwa, na jibu la mkubwa likafunga mlango.

Baada ya msiba huo na mingine, wenye ndege walianza kuwafundisha marubani jambo lisilo la mitambo: wadogo waseme wazi, na wakubwa waulize na kusikiliza. (Hilo la pili naliona gumu zaidi.) Tarehe 19 Julai 1989, huko Marekani, injini ya mkiani ya ndege moja ilipasuka angani, ikawa ndege haiongozeki kwa njia ya desturi. Rubani mkuu, Al Haynes, hakujifanya ajuaye yote. Aliwauliza wenziwe; na rubani mwingine, Dennis Fitch, aliyekuwa miongoni mwa abiria, alipojitolea kusaidia alikaribishwa, akapewa kazi ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizosalia. Ndege ilivunjika iliposhuka Sioux City, na watu 112 wakafa. Lakini katika watu 296 waliokuwamo, 184 walipona. Haynes mwenyewe alisema baadaye kwamba mafunzo yale yaliwafaa sana.

Sasa nirudi kwetu, na hapa naona haya. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkuu wa shule moja. Nilipokwisha kuandika orodha ya watoto wa mtihani wa mwisho, mwalimu kijana, mgeni kwetu, akaniambia polepole, “Mwalimu Mkuu, nadhani majina hayakutimia.” Nikamjibu pasipo kuinua macho, “Nimekwisha angalia.” Akasema, “Vema, Mwalimu,” akatoka.

Majina matatu hayakuwamo. Asubuhi ya mtihani watoto watatu walikuja na nguo safi, penseli mikononi, wasiwe na nafasi. Baba wa mmoja hakunigombeza. Alimshika mwanawe mkono, wakaenda zao. Heri angalinigombeza.

Tangu siku ile, katika baraza la walimu, aliye mgeni kuliko wote husema kwanza, nami mwisho. Mwezi wa kwanza walikaa kimya, wakaitazama meza. Sikuwalaumu, maana kimya kile naliwafundisha mimi. Na orodha ya mtihani nikampa yule yule kijana aisome kwa sauti, mimi nikifuatisha kwa kidole. Mwaka uliofuata alinisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimekosa mimi. Mara ya pili alikosa yeye, nami nikamshukuru vile vile kama kwanza, tukaendelea na jina lililofuata.