MALI BILA DAFTARI: TUWAHESABU WAENDAO KWA MIGUU

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi, nami sitazimaliza kwa hadithi za bwenini. Nataka tuzungumze juu ya barabara inayopita mbele ya lango letu, na kazi tunayoweza kuifanya wenyewe bila kuchangisha fedha: kuwahesabu wanaopita kwa miguu na kwa baiskeli.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika utumishi wangu serikalini nimeuona ukweli wa maneno hayo. Barabara hupangwa kwa hesabu. Fomu niliyopata kuiona katika ofisi moja ilikuwa na safu ya magari madogo, safu ya mabasi na safu ya malori. Mama mwenye tenga la ndizi kichwani hakuwa na safu. Na asiye na safu ni rahisi kusahauliwa wakati wa kupanga njia ya miguu, kivuko au matuta.

Mtaniuliza, je, sensa haikutuhesabu sote? Kweli, Sensa ya 2022 ilipata watu 61,741,120 Tanzania. Lakini ilituhesabu pale tulipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Haituelezi asubuhi tunavukia wapi.

Na jambo lenyewe ni la uhai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu 1,190,000 duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa waendao kwa miguu. Ninyi wanafunzi wa kutwa mnaovuka hapa alfajiri mnaijua hatari hiyo kuliko mimi.

Kazi si ngumu. Katika mji wa Portland, Marekani, wananchi wa kujitolea wamekuwa wakisimama njiani majira ya kiangazi, saa mbili mbili, wakihesabu waendesha baiskeli kwa ajili ya mipango ya mji wao. Mtaani kwetu nasi tumejaribu, nami nilikuwa mmoja wa wahesabu. Tulijifunza haya:

Kwanza, chagueni mstari mmoja, tuseme kutoka nguzo ya umeme hadi mwembe ulio ng'ambo. Kila aupitaye huhesabiwa. Akirudi, huhesabiwa tena, maana tunahesabu safari.

Pili, hesabuni Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa wazi, saa 12:00 hadi saa 2:00 asubuhi. Kila robo saa iwe na mstari wake katika karatasi, na hali ya hewa iandikwe.

Tatu, mtoto aliye mgongoni mwa mama huhesabiwa. Anayesukuma baiskeli yake ni mwenda kwa miguu.

Nne, msiandike msichokiona. Macho yakichoka, pokezaneni. Tarakimu moja ya kubuni ikigunduliwa, hata zile za kweli hazitaaminiwa.

Tena nawapa tahadhari. Wakipita wachache, msiseme upesi kwamba mahali hapo hapahitaji kivuko. Kwetu wazee kadhaa walituambia kuwa wanaogopa magari, hivyo huzunguka mbali. Hao hawamo katika hesabu, nao ndio wenye shida kubwa zaidi. Ulizeni, mkaandike na habari zao.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza vijana wa Kidato cha Tatu, pamoja na mwalimu wao wa hisabati na sisi wa zamani, tuianze kazi hii muhula ujao. Serikali ya mtaa ipewe taarifa mapema. Wahesabu wakae mbali na ukingo wa barabara. Nakala moja ya hesabu iende kwa Mtendaji wa Kata, ya pili TARURA, ambayo tangu 2017 ndiyo yenye dhamana ya barabara za wilaya, na ya tatu ibaki maktaba yetu. Mwakani turudie wiki ile ile, mstari ule ule, tuone kilichobadilika.

Tukienda kuomba kivuko mikono mitupu, tutaambiwa tusubiri. Tukienda na daftari, itabidi tujibiwe kwa hoja. Mwenye kalamu na ajiandikishe kwangu leo kabla ya chakula.