Chumba cha Kupanga, Kufuli la Kwako

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka chini ya sauti.)

Leo nazungumza hasa na mnaotoka kambini kwa ruhusa na kupanga chumba mahali fulani kwa wiki chache, au miezi miwili mitatu.

Nitachukua mfano wa Gashonga, katika wilaya ya Rusizi, kwenye vilima vilivyo kati ya mji wa Kamembe na bonde la Bugarama. Hospitali ya Mibilizi iko hapo hapo Gashonga, na mwenye mgonjwa aliyelazwa hutafuta pa kulala karibu. Wengine hufuata vibarua vya kahawa vilimani, au vya mpunga kule chini Bugarama, au biashara ndogo za Kamembe, maana Bukavu iko ng'ambo tu ya maji.

Nyumba uliyokaa miaka unaijua. Unajua mlango unalia vipi, na mbwa wa jirani anabweka kwa ajili ya nani. Chumba cha wiki tatu hukijui, na majirani nao hawakujui. Zaidi ya hapo, kabla yako walilala wengine humo. Ufunguo uliokabidhiwa ulikuwa mikononi mwao, na kuchongesha ufunguo wa pili ni kazi ya dakika chache sokoni. Kwa hiyo neno la kwanza ninalowaambia ni hili: njoo na kufuli lako mwenyewe. Unaondoka nalo siku ya kuhama, na hasara hakuna. Mwambie mwenye nyumba waziwazi, kwa heshima: "Mzee, nitaweka kufuli langu, na siku ya kutoka nitalitoa." Mwenye nyumba mwema hatakasirika. Akikasirika sana, mimi ningetafuta chumba kingine.

Lakini kufuli zuri kwenye mlango mbovu halisaidii. Kabla ya kutoa pesa, funga mlango ukiwa nje, kisha utazame kile kipande cha chuma kinachoshika kufuli. Je, vichwa vya skrubu vinaonekana? Kama vinaonekana, mwizi haitaji kuvunja kitu. Analeta bisibisi, anafungua skrubu nne, anaingia, na kufuli lako linabaki limefungwa vilevile, linaning'inia. Omba kipande hicho kigeuzwe ili mlango ukifungwa skrubu zifunikwe. Tazama bawaba pia, zisiwe upande wa nje. Ndani kuwe na komeo, maana kufuli la nje halikulindi ukiwa umelala.

Nyumba nyingi za vilimani zimejengwa kwa rukarakara, yale matofali ya udongo yasiyochomwa. Ni nyumba nzuri, zina ubaridi mchana. Ila wapo wezi wanaotoboa ukuta wa namna hiyo usiku, hasa mvua kubwa inapopiga mabati na hakuna anayesikia kitu. Zunguka nyumba nzima mchana. Ukiona sehemu imezibwa kwa udongo mpya, uliza. Usiweke mzigo wako chini, kando ya ukuta wa nyuma, na simu usiichaji karibu na dirisha. Mwizi wa dirishani haingii ndani: anapitisha fimbo yenye ndoano kati ya nondo, na suruali yenye pesa inatoka yenyewe.

Sasa, karatasi. Kwetu sisi tunaoishi kwa vitambulisho, hili ni zito kuliko redio na godoro. Wapo wenye nyumba wanaotaka kubaki na kitambulisho cha mkimbizi kama dhamana ya kodi. Usikubali. Mwonyeshe, aandike jina lako, mpe nakala akitaka, lakini chenyewe kirudi mfukoni mwako. Bila hicho hata barabarani una shida, na siku mkigombana kuhusu kodi amekushika shingo. Kitambulisho, karatasi ya ruhusa na kadi ya msaada wa fedha vitembee na wewe, visilale chumbani ukiwa kazini. Wengine huvishonea mfuko ndani ya nguo, na nadhani wanafanya vizuri. Namba ya siri ya pesa za simu usiiandike popote, wala usimpe "kijana mwema" wa jirani akusaidie kutoa pesa.

Kodi, ukiweza, lipa kwa simu ili ujumbe ubaki. Ukilipa taslimu, mwandikiane karatasi: pesa ngapi, kwa siku ngapi, na vitu gani vimo chumbani. Awepo shahidi. Hata hivyo kabla ya kulipa hakikisha huyo anayekuonyesha chumba ndiye mwenye nyumba kweli. Kuna watu huonyesha vyumba vya wengine, wanachukua malipo ya mwezi na kutoweka. Wa kuulizwa ni kiongozi wa umudugudu.

Na hapa nataka nikae kidogo. Ndugu zetu wengi wakifika mahali pa muda mfupi hujificha. Wanasema, "Nitakaa wiki tatu tu, kwa nini nijulikane?" Naelewa. Tulikotoka, kujulikana kulikuwa hatari. Lakini Rwanda ulinzi wa usiku unaanzia kwa majirani. Umudugudu umegawanyika katika isibo, kundi la nyumba chache zenye kiongozi wao, na usiku kuna irondo, watu wa doria. Mtu wa doria akimwona mgeni asiyejulikana mlangoni saa nane za usiku, anamsimamisha. Sasa mgeni huyo asiyejulikana asiwe wewe! Siku ya kwanza, kabla ya jua kuzama, nenda kwa kiongozi wa isibo na wa umudugudu, onyesha kitambulisho na ruhusa yako, sema utakaa hadi lini na uko na nani. Uliza kama kuna mchango wa irondo na nani hulipa, wewe au mwenye nyumba. Salimia nyumba ya kulia na ya kushoto. Ukisafiri siku mbili, jirani mmoja ajue. Soko zima lisijue.

Nimesema mengi juu ya kufunga. Sasa niseme juu ya kufungua, maana hapo ndipo watu wamekufa.

Mama anakwenda hospitali kumpelekea mgonjwa uji. Anawaacha watoto wawili chumbani na kufunga kufuli kwa nje, ili wasipotee wala mtu asiwaingilie. Nia ni njema, lakini mshumaa ukianguka kwenye neti, watoto hao watatokea wapi? Na si moto tu. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga pande zote mbili, Rusizi na Bukavu, nyumba zikabomoka na watu wakafa. Eneo la Ziwa Kivu ni la matetemeko. Mama, usiwafungie watoto kwa nje. Heri wakae kwa jirani uliyemsalimia siku ya kwanza, au uende nao. Usiku, ufunguo wa ndani uwe na mahali pamoja ambapo kila mmoja anapajua hata gizani. Baba asilale nao chini ya mto.

Jambo jingine ni mbabula. Tunaogopa jiko likiachwa nje litaibiwa, basi tunaliingiza ndani likiwa bado na makaa mekundu, tunafunga mlango na dirisha, tunalala. Makaa yale hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana. Aliyelala haamki akakohoa, anazidi kulala. Pika mapema, zima makaa kabisa kwa maji, jiko lipoe nje, ndipo uliingize. Likiibiwa, utanunua jingine.

Kina mama na mabinti mnaopanga peke yenu, mwenye nyumba hana haki ya kubisha usiku wala kuingia bila hodi, hata kama kodi imechelewa. Akidai mwili badala ya pesa, huo ni uhalifu. Mwambieni mtu siku hiyo hiyo. Polisi ni 112, na RIB, ofisi ya upelelezi, ni 166. Namba zote mbili hazilipiwi. Aliyefanyiwa ukatili hupokelewa na huduma ya Isange katika hospitali za wilaya, matibabu na ushauri, bila malipo. Ukiibiwa pia piga namba hizo, na usiguse mlango uliovunjwa kabla hawajafika. Kitambulisho kikipotea, toa taarifa upesi, kisha umjulishe msimamizi wa kambi yako.

Siku ya kuhama, mwite mwenye nyumba aone chumba mchana, akurudishie dhamana yako kama ulitoa, mtie saini karatasi ile ile ya mwanzo. Toa kufuli lako, pita kwa kiongozi wa isibo umwambie unaondoka, ili atakayeonekana mlangoni pale kesho asihesabiwe kuwa ni wewe.

(Muziki unapanda, kisha mwisho wa kipindi.)