Karo Peke Yake Haitoshi: Juu ya Kazi na Matumizi ya Mwanafunzi wa Uuguzi

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya jambo lililoletwa mbele yake zaidi ya mara moja katika mwaka huu unaokwisha, nalo ni maisha ya watoto wetu walio katika vyuo vya uuguzi. Swali la wazee lilikuwa fupi: karo tumekwisha kulipa, mbona mtoto angali analia? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lenye hesabu, si jibu la huruma tupu. Twaomba basi mtuvumilie tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake.

Wazee wengi wanaouliza hivyo wanakumbuka siku za zamani. Katika siku zile mwanafunzi wa uuguzi alilala katika hosteli ya hospitali, akala chakula cha jiko la hospitali, akavaa sare ya hospitali, na mwisho wa mwezi akapata posho kidogo mkononi. Mzazi alimpa mtoto sanduku na baraka, basi. Desturi hiyo asili yake iko mbali. Mwaka 1860 Florence Nightingale alipofungua shule yake katika St Thomas' Hospital, London, wanafunzi walipewa chumba, chakula, sare, na pauni 10 kwa mwaka. Nayo haikuwa sadaka, kwa maana mwanafunzi alikuwa mkono wa kazi katika wodi, na posho ile ilikuwa ujira wa jasho lake. Wamisionari na serikali walipoanza kufundisha waganga na wauguzi katika nchi hii, walifuata mtindo huohuo kwa namna moja au nyingine. Mafunzo ya serikali yaliyoanza mwaka 1927 ndiyo mzizi wa chuo tunachokiita leo KMTC, ambacho kilipata sheria yake mwaka 1990 na sasa kina matawi katika pembe nyingi za nchi.

Lakini mambo yaligeuka. Waraka wa Serikali Namba 6 wa mwaka 1988 ulileta siasa ya kugawana gharama za elimu, na tangu hapo mzazi alianza kubeba mzigo ambao zamani ulibebwa na hazina. Mwanafunzi akawa mlipaji. Wala si Kenya peke yake. Huko Uingereza, desturi ilikozaliwa, mpango ulioanza mwaka 1989 ulimtoa mwanafunzi katika orodha ya waajiriwa wa hospitali ukamfanya mwanafunzi wa chuo. Mwaka 2017 serikali ilifuta ruzuku ya wanafunzi wapya wa uuguzi katika Uingereza ikaweka mkopo mahali pake. Waliotaka kusomea uuguzi wakapungua, na mwaka 2020 ikabidi kuwarudishia msaada wa pauni 5,000 kwa mwaka usiolipwa tena. Twataja hayo ili ionekane kwamba hata nchi yenye mali iliona haiwezi kumwambia mwanafunzi wa uuguzi ajitafutie chakula peke yake.

Sasa tuje katika jambo linalowachanganya watu wengi. Mwanafunzi wa uuguzi huonekana kazini. Mzee akienda kulazwa humkuta binti yetu katika wodi, amevaa sare, anapima joto na kutandika vitanda, naye mzee husema moyoni: huyu ameajiriwa. La hasha. Ile ni sehemu ya masomo yake. Hufanya zamu ya asubuhi, zamu ya alasiri na zamu ya usiku, na saa zake huandikwa kitabuni, maana Baraza la Wauguzi la Kenya hudai kila mwanafunzi atimize mafunzo ya wodini kabla ya kuketi mtihani wa kupata leseni. Saa alizozikosa hana budi kuzilipa kwa saa nyingine. Hapo ndipo palipo tofauti yake na mwenzake anayesomea ualimu au uhasibu. Yule aweza kupanga siku zake, lakini huyu hupangiwa. Juma hili yuko asubuhi, juma lijalo yuko usiku, na tajiri wa dukani hataki mfanyakazi ambaye hajui kesho atakuwa wapi.

Tufanye hesabu ya mfano, kila mtu airekebishe kwa mji anaoujua. Tuseme mwanafunzi amekosa nafasi katika hosteli, akapanga chumba pamoja na mwenzake, na fungu lake ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Chakula cha shilingi 150 kwa siku ni shilingi 4,500. Nauli ya shilingi 40 kwenda na 40 kurudi, kwa siku 22, ni shilingi 1,760. Sabuni, stima, karatasi za kunakilisha na simu, tuweke shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 9,760 kila mwezi, na kwa miezi 10 ya masomo ni shilingi 97,600. Hatujataja viatu vyeupe au vyeusi vya wodini, wala saa ya kubandika kifuani, wala ada za Baraza, wala homa ya mwanafunzi mwenyewe. Fedha hizo hazimo katika karo. Chama kimekuwa kikilipa karo kwa uaminifu, na risiti zimo katika kitabu cha Mweka Hazina, lakini mtoto hali risiti.

Afanye nini basi? Hutafuta kibarua, na kibarua kinachopatikana mara nyingi ni cha usiku: kuuza katika hoteli, kukaa katika duka la dawa lisilofungwa, kuhudumu mahali pa vileo. Tuseme hulipwa shilingi 400 kwa usiku mmoja wa saa 10, naye hufanya usiku tatu kwa juma. Kwa majuma manne amepata shilingi 4,800, yaani hazifiki nusu ya matumizi tuliyoyataja. Juma lake sasa lina saa 40 za wodi au darasa, na saa 30 za kibarua. Usiku tatu katika saba hana kitanda. Asubuhi yake huanza saa moja, mbele ya mgonjwa.

Wazee, twaomba mlitazame jambo hili kwa upande wa mgonjwa. Kazi ya muuguzi ni hesabu. Daktari ameandika mtoto apewe miligramu 250 za dawa ya maji. Chupa imeandikwa miligramu 125 katika kila mililita 5. Muuguzi aliyelala atajua upesi kwamba kipimo ni mililita 10. Aliyekesha akihudumia wateja aweza kusoma namba ya dawa badala ya namba ya maji, na kosa hilo halifutwi kwa mpira kama kosa la karani. Anayelala katika kitanda kile ni mjukuu wa mmoja wetu. Kwa hiyo usingizi wa mwanafunzi wa uuguzi si anasa yake mwenyewe, bali ni sehemu ya dawa yetu. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na hapa tujiulize ni ipi itakayoponyoka.

Hatusemi kwamba mwanafunzi asifanye kazi kabisa. Mtu aliyejitafutia huijua thamani ya shilingi, na wengi wa wanachama waliomo humu walisoma hivyo. Twasema iko kazi inayokubaliana na masomo haya, na iko isiyokubaliana. Kusuka nywele siku ya mapumziko, kufundisha watoto wa jirani hesabu, kupiga chapa, kuuza mayai au mandazi kwa wenzake hosteli, kusimamia duka la ndugu siku ya Jumamosi: kazi hizo mtu aweza kuziacha wodi ikimwita. Likizo nayo ndiyo msimu wa kuvuna. Mwanafunzi akifanya kazi mwezi mzima wa likizo akaweka akiba, hurudi darasani akiwa na akili timamu. Lakini kuna kibarua kimoja tunachokikataza. Mwanafunzi asikubali kuchoma sindano nyumba kwa nyumba au kujiita muuguzi kwa malipo. Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257, haimruhusu mtu asiyesajiliwa kufanya hivyo, na shilingi mia chache zaweza kumfungia mlango wa kazi yake yote.

Iko pia njia ambayo wengi wetu huiona kuwa rahisi, yaani kumpeleka mtoto akae kwa jamaa mjini. Njia hiyo ni njema, na kuna nyumba za wanachama zinazostahili sifa. Lakini yafaa tuseme kweli. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa uuguzi huja nyumbani na jembe lake tayari begani. Akirudi kutoka zamu ya usiku akakuta ndoo za nguo, watoto wa kupelekwa shule na chakula cha watu wanane, basi amepata kazi ya nyumbani isiyo na mshahara, na kitabu hakifunguliwi. Mwenye nyumba asilaumiwe kwa kutaka msaada, wala mtoto asionekane mvivu kwa kutaka kulala mchana. Dawa yake ni mapatano kabla ya kuhamia: atafanya kazi gani, siku zipi, na saa gani ataachwa apumzike.

Kuhusu misaada ya serikali, twawakumbusha wazazi wasikae wakingoja habari iwafikie. Bodi ya mikopo ya HELB iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na Mfuko wa Maendeleo wa maeneo ya Bunge ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na karo za wanafunzi wengi zimetoka humo. Masharti na tarehe hubadilika mwaka hata mwaka. Ofisi ya Karani i tayari kumsaidia mzazi yeyote kujaza fomu, mradi aje na vyeti vyake mapema. Fedha hizo aghalabu huchelewa, na njaa haingojei. Kwa hiyo zisihesabiwe kuwa chakula cha mwezi wa kwanza.

Wako vilevile ndugu zetu walio kazini tayari, wauguzi wa cheti cha chini wanaotamani kupanda daraja, nao huogopa kuacha mshahara. Hao wajue kwamba tangu mwaka 2005 ilianzishwa njia ya kujifunza kwa kompyuta kwa msaada wa AMREF, ili muuguzi apande cheo bila kukiacha kituo chake. Mama mwenye watoto si lazima achague kati ya chungu na kitabu. Lakini mwajiri aarifiwe mapema, na saa za kusoma zipangwe kama zamu, la sivyo nyumba itazimeza.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yaleta mbele ya Mkutano huu mashauri manne.

La kwanza, mzazi anapoomba msaada kwa ajili ya mtoto anayeingia chuo cha uuguzi, alete hesabu mbili, ya karo na ya matumizi, kwa miaka yote ya masomo. Chama kisimsindikize mtu hadi katikati ya mto.

La pili, karo ipelekwe moja kwa moja katika benki ya chuo, na posho ya matumizi itumwe kwa mwanafunzi kwa simu tarehe ya kwanza ya kila mwezi. Fedha za miezi sita zikitolewa mara moja hupotea, na fedha za kila mwezi hufundisha kupima. Mwanafunzi naye alete hesabu yake kila muhula, kama sisi tunavyoleta yetu leo.

La tatu, wanachama waishio mijini karibu na vyuo waandikishe majina yao kwa Katibu, waliotayari kumpa mwanafunzi chumba kwa mapatano yaliyoandikwa.

La nne, nusu ya posho ihesabiwe kuwa mkopo usio na riba, urudishwe kidogo kidogo mwanafunzi atakapopata mshahara, wala si siku ya kupata cheti. Twajua sote kwamba wako wauguzi wenye leseni ambao wamengoja ajira kwa muda mrefu, na deni lisiwakimbize kutoka katika Chama.

Mtu atauliza, fedha zitoke wapi? Chukueni mfano huu. Wanafunzi 6 wakipewa shilingi 4,000 kila mmoja, ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Wanachama 120 wakitoa shilingi 200 kila mmoja, ni shilingi 24,000. Shilingi 4,000 hazitoshi matumizi yote, lakini zakaribia zile 4,800 ambazo mtoto huzipata kwa kukesha usiku kumi na mbili. Kwa maneno mengine, mwanachama mmoja kwa shilingi 200 hununua sehemu ya usingizi wa muuguzi.

Mwingine atasema kwamba taabu humfunza mtu. Ni kweli, taabu hufunza. Lakini taabu ya kujifunza uuguzi ipo ya kutosha: kuosha wasiojiweza, kukesha na wanaokufa, kushika mtihani na uchovu pamoja. Taabu ya njaa haiongezi elimu yoyote juu ya hiyo.

Halmashauri yaomba mashauri haya yajadiliwe moja moja, na kura ipigwe kabla ya kufunga mkutano, maana muhula mpya u karibu na barua za kuitwa vyuoni zimekwisha kuanza kufika.