Nani Anaona Kidole Chako?
Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa za vikundi vyetu vingi zimetoka kwenye sanduku la kufuli tatu zikaingia kwenye simu. Basi leo tuiangalie simu ya mweka hazina.

Simu ya Android imejengwa kama nyumba za kupanga pale Ruiru: kila programu ina chumba chake. Ukibonyeza namba ya siri ndani ya programu ya benki, ile ya mchezo iliyo chumba jirani haijui kidole chako kimegusa wapi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini ziko ruhusa mbili zinazotoboa ukuta.

Ya kwanza yaitwa ufikivu. Ilitengenezwa kwa nia njema. Hapa Thika tuna shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mtu asiyeona akigusa skrini, programu ya TalkBack, iliyotoka mwaka 2009, humsomea kwa sauti alichogusa. Ili imsaidie, ni lazima ijue anachogusa katika programu zote, isome maandishi, na hata imbonyezee. Kwake hayo ni macho. Mwizi akipewa ruhusa hiyo hiyo, naye amepata macho, na mikono pia.

Ya pili ni ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Kwa hiyo mdanganyifu aweza kutandika ukurasa bandia juu ya ule wa kweli. Wewe wadhani unaandikia benki, kumbe unamwandikia yeye! Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ruhusa hizi mbili zikishikana, simu yaweza kutawaliwa bila mwenyewe kushtuka.

Watengenezaji wameziba baadhi ya matundu. Android 13, ya mwaka 2022, huzuia programu zilizotoka nje ya duka rasmi zisipewe ufikivu kirahisi. Lakini simu za zamani hazina kinga hiyo, na hata kwa zile mpya, anayebonyeza "Ruhusu" ni sisi wenyewe.

Kwa hivyo, mkutano ujao tufanye hivi:

1. Mweka hazina afungue Mipangilio, kisha Ufikivu. Kwa simu ya Kiingereza imeandikwa "Accessibility". Tochi, mchezo au programu ya mkopo yataka macho ya nini? Izimwe, kisha iondolewe.

2. Tukague pia programu zilizoruhusiwa kuonekana juu ya nyingine.

3. Programu iliyotumwa kwa ujumbe, ati bonyeza hapa upate mkopo, isiingizwe katika simu ya kikundi.

4. Tukikuta ya kushuku, namba ya siri isiandikwe tena katika simu hiyo. Ibadilishwe kwa simu nyingine, na benki iarifiwe siku hiyo hiyo.

5. Mwanachama asiyeona asilazimishwe kuzima msaada wake. Ruhusa hiyo ni yake kwa haki.

Sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu ili mtu mmoja asilifungue peke yake. Simu nayo ikaguliwe na watu watatu kila mwezi, na katibu aandike katika kitabu. Si kwa kumshuku mweka hazina. Ni kumlinda yeye, na jasho letu sote.